Kabla ya Kumpa Samaki Jina, Andika Alikotoka

Leo tunaongea juu ya samaki. Msicheke, mtaona tunafika wapi.

Mmoja wetu alitoka kambini Kiryandongo akaenda kupanga nyumba Tororo, anafanya kazi kwa fundi wa vioo. Vipande vilivyobaki akaviunga akapata tangi, akaliweka sebuleni. Siku moja akashuka mpaka Majanji, kule Busia ya Uganda ambako watu wanavua Ziwa Victoria, akanunua kwa wavuvi samaki saba wadogo wakiwa hai. Akarudi nao kwa taksi ndani ya jerikani. Urefu wao ni kama kidole tu. Tulipoenda kumtembelea tukamuuliza, sasa hawa ni samaki gani?

Hapo ubishi ukaanza. Mjaluo wetu akasema hao ni fulu. Aliyesomea Kampala akasema nkejje. Yule aliyekulia Mwanza akasema furu. Kumbe wote walikuwa sahihi na hakuna aliyejibu swali. Hayo matatu ni majina ya kundi moja kubwa, ndugu wa mbali wa ngege na sato, ambalo wataalamu wanaliweka katika ukoo wa sikilidi. Ndani ya Ziwa Victoria kundi hilo limekadiriwa kuwa na aina kama 500. Kwa hiyo kusema "fulu" ni kama mtu akuulize wewe ni nani, nawe ujibu "mkimbizi". Si uongo, lakini hajakujua bado.

Tukatoa simu. Kuna programu ukiipa picha inakupa jina. Siku ya kwanza samaki walikuwa wa kijivu, wamejibanza kwenye kona, na programu ikasema hawa wametoka Ziwa Malawi. Baada ya wiki tatu mmoja akabadilika, mwili ukawa wa bluu na pezi la mgongoni likawa jekundu. Tukampiga picha tena samaki yule yule. Ikasema ni wa Ziwa Tanganyika! Sisi tunajua alitoka Majanji, tena mwenye kumnunua tulikuwa naye hapo hapo.

Sasa tusilaumu simu peke yake. Samaki hawa ni wagumu kweli. Dume akiwa na hofu, au akionewa na mwenzake, rangi zake zinafifia. Akipata eneo lake, rangi zinarudi. Majike ya aina nyingi yanafanana, kijivu au manjano iliyopauka, na hao ndio wanaobeba mayai na watoto mdomoni. Humphry Greenwood, Mwingereza aliyefanya kazi Jinja miaka ya 1950, hakutegemea rangi peke yake. Alitazama meno, taya na mifupa ya kichwa, kwa sababu anayekula konokono hana meno sawa na anayekula mwani au anayekula samaki wenzake. Na kitu kingine ambacho mtaalamu yeyote atakuuliza mapema ni hiki: alivuliwa wapi? Ziwa gani, ufuo gani, kwenye mawe au kwenye matope? Jibu hilo likikosekana, hata mtu aliyesoma miaka mingi anaweza kushindwa.

Na asipokuwa na uhakika haoni aibu. Anaandika Haplochromis sp., yaani ni wa jamii ya Haplochromis, jina lenyewe bado. Kuna samaki wamekaa na "bado" hiyo miaka mingi. Wengine walisubiri wakapata jina zuri, kama yule wa kusini mwa ziwa ambaye mwaka 1985 aliitwa nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Wengine walitoweka kabla ya kupewa jina, hasa miaka ya 1980 mbuta alipoongezeka sana. Huyo mbuta naye hakuwa wa ziwa hili, aliletwa na watu miaka ya 1950 na 1960.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi Kenya, baadhi yetu tulivuka mpaka tukiwa watoto wadogo, tukapokewa Mulanda, wilaya hii hii ya Tororo, halafu tukahamishiwa Kiryandongo. Wakati wa kuandikishwa, karani mmoja alimsikia mama wa mwenzetu akiongea Kisamia, akaandika Mganda. Hatutaji ofisi, na huenda karani alikuwa amechoka, foleni ilikuwa ndefu. Lakini si mnajua Wasamia wako pande zote mbili za mpaka? Wateso vile vile. Unaweza kusimama Busia, ukasikia lugha moja huku na kule, na usijue nani amelala Kenya na nani amelala Uganda mpaka umuulize.

Karani hakuuliza. Alitazama "rangi" akaandika jina. Miaka ikapita, mwenzetu akaomba ufadhili wa sekondari, akaambiwa Mganda hawezi kuwa mkimbizi ndani ya Uganda. Mama akaenda, akarudi, akaenda tena. Mpaka karatasi zinarekebishwa, mwaka mzima wa shule umeshapotea. Wenzake walimtangulia darasa moja, na mpaka leo hajawafikia.

Msimamo wetu ndio huu. Jina la kukisia ni baya kuliko nafasi iliyoachwa wazi. Nafasi wazi inamwambia anayekuja baadaye, uliza. Jina la kukisia linamwambia usiulize, kazi imekwisha. Likishaingia kwenye kompyuta, kulitoa ni kazi ya miaka.

Wafanyakazi wa mashirika, na sisi wajitolea tunaoshika fomu kambini, tuanze na maswali ambayo mtu anaweza kuyajibu. Ulilala wapi kabla ya kukimbia? Kijiji gani, karibu na soko gani, shule gani? Ulivukia wapi? Tuandike alivyosema, kwa maneno yake. Palipo na shaka tuandike "haijathibitishwa", halafu turudi tena. Tunajua kuna foleni na kuna mkubwa anayetaka namba jioni. Lakini dakika tano za leo ni nafuu kuliko mwaka wa mtoto.

Na wenye matangi tufanye vivyo hivyo. Tangi la Tororo sasa lina karatasi ukutani: Majanji, tarehe, saba, wametoka kwa mvuvi wa nyavu. Chini yake, yale tuliyoyaona: dume mmoja wa bluu, madoa ya manjano kama mayai kwenye pezi la chini karibu na mkia, majike mawili yamefumba midomo na hayali. Mahali pa jina tumeandika "bado". Picha tutazipeleka kwa watafiti wa samaki Jinja, na aliye upande wa Kenya anaweza kuwauliza wa Kisumu. Tumekubaliana pia tusiwachanganye na samaki wa dukani, na tusimwage hata mmoja mtoni au kwenye bwawa. Ya mbuta yanatosha.

Jambo la mwisho. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji ya ziwa yakichafuka na mwanga ukipungua, samaki hawa wenyewe hawazioni rangi vizuri, wanashindwa kutambuana, na aina zinachanganyika mpaka zinapotea. Tulipolisikia hilo tulinyamaza kidogo. Halafu yule mwenzetu aliyeandikwa Mganda akasema, basi tubadilishe maji ya tangi, yamekuwa machafu. Tukachukua ndoo.