Aliyeanguka Mara Moja Asijifiche, Wala Asifukuzwe



Jirani yangu, dreva wa lori, alianguka kwenye foleni ya mpakani Busia. Alitetemeka mwili mzima, akauma ulimi. Kesho yake alishika usukani tena. Nilipomwuliza akajibu, "Nikisema, watoto watakula nini?"

Jibu lake nalielewa, lakini silikubali. Sisi wa reli hapa Malaba twajua uzito wa mabehewa: yakishika mwendo hayasimami kwa kelele. Dreva akizimia, wafao ni wengine.

Lakini kuanguka mara moja si lazima kiwe kifafa. Malaria kali yaweza kuleta, hata sukari kupungua mwilini. Shirika la Afya Duniani lasema katika watu 100, hadi 10 huanguka hivyo mara moja maishani. Basi daktari ndiye apime, si msimamizi, wala si sisi kwa uvumi.

Na sheria ipo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema mwajiri akitaka kumwondoa mtu kwa udhaifu wa mwili, kwanza amweleze sababu kwa lugha aijuayo, mbele ya mwenzake au mjumbe wa chama, naye asikilizwe.

Kwa hiyo, ndugu, aliyeanguka ashuke injini siku ile ile na aseme. Nasi wa chama twende naye ofisini, tumdaie kazi nyingine, ghalani au langoni, mpaka daktari aamue. Tukimwacha peke yake, wa pili ataficha.