Ngozi moja, karatasi mbili: Weusi una maana gani Luapula?

MFANYABIASHARA anayevuka Ziwa Mweru kutoka Kilwa, upande wa Kongo, kwenda Nchelenge kununua chisense huziona bendera mbili kwa siku moja. Ya Zambia ina mstari mweusi. Tangu Uhuru wa Oktoba 24, 1964, maelezo rasmi ni kwamba weusi huo ni watu wa nchi. Weusi wa bendera ya Tanzania una maana hiyo hiyo, na wa Kenya kadhalika. Lakini bendera ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyoanza kutumika mwaka 2006, haina weusi hata kidogo. Ina buluu ya amani, nyekundu ya damu ya mashujaa na njano ya utajiri wa nchi.

Je, ina maana kwamba watu wa ng'ambo ile si weusi? La hasha. Mvuvi wa Kilwa na mvuvi wa Kashikishi ukiwasimamisha pamoja, huwezi kuwatofautisha kwa rangi. Hata hivyo, wakifika kwenye meza ya uhamiaji, mmoja hupita na mwingine huambiwa akae pembeni. Swali la kujiuliza ni hili: huu weusi tunaousifu kwenye bendera na kwenye hotuba unamsaidia nini mtu anayevuka maji?

Tuanze na zamani. Mwansabombwe, kusini mwa Nchelenge, ndiko yaliko makao ya Mwata Kazembe wa Walunda. Kila mwaka mwezi Julai, katika sherehe ya Mutomboko, Mwata hupakwa unga mweupe kabla ya kwenda mto Ng'ona kuwatambikia wahenga wake. Weupe ule ni wa kuwaheshimu waliotangulia. Hakuna anayeutazama akadhani kwamba Mwata anatamani kuwa Mzungu. Nasi katika Kiswahili tunasema mtu ana roho nyeusi tukimaanisha ubaya, lakini mkulima akiona wingu jeusi hufurahi kwa kuwa mvua imekaribia. Rangi zilikuwa na maana zake nyingi kabla watu hawajaanza kuitwa kwa rangi.

Wafanyabiashara wa Kiswahili walifika Kazembe mapema. David Livingstone alipofika huko mwaka 1867 alimkuta Mohammed bin Saleh, ambaye alikuwa amekaa huko kwa miaka. Mwaka huo huo Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alimshinda Nsama wa Itabwa, katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika. Wazungu waliokutana na Tippu Tip waliandika kwamba ngozi yake ilikuwa nyeusi. Hata hivyo aliitwa Mwarabu, kwa sababu ya ukoo wa baba yake. Wapagazi na askari kutoka pwani walijiita waungwana, na ndiyo maana Kiswahili cha Kongo kilikuja kuitwa Kingwana. Katika dunia ile, swali halikuwa wewe ni wa rangi gani. Swali lilikuwa wewe ni mwungwana au mtumwa, na mwana wa nani. Aliyefungwa mnyororo na aliyeushika waliweza kuwa weusi sawasawa. Ni ukweli mchungu, lakini hatuna budi kuusema.

Aliyetuunganisha wote chini ya jina moja la weusi ni mkoloni, na hakufanya hivyo kwa wema. Mwaka 1894 Waingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji walikubaliana kwamba mto Luapula uwe mpaka. Watu wa Kazembe wakajikuta kwenye kingo mbili za serikali mbili. Upande wa Rhodesia ya Kaskazini ukaja ubaguzi wa rangi: mtu mweusi alihudumiwa kupitia kidirisha cha ukutani huku Mzungu akiingia dukani, hadi migomo ya wanunuzi ya miaka ya 1950 ilipotikisa mabucha ya Lusaka. Upande wa Kongo, Wabelgiji walianza mwaka 1948 kutoa kadi kwa weusi waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Mtu kama huyo wenzake walimwita mundele-ndombe, yaani Mzungu mweusi. Kwa maneno mengine, rangi ilikuwa imekuwa cheo, na cheo hicho kilikuwa na karatasi yake.

Uhuru uliondoa kidirisha cha ukutani, lakini haukuondoa karatasi. Ushahidi mkubwa ni wa mzee Kenneth Kaunda mwenyewe. Aliongoza Zambia kuanzia mwaka 1964 hadi 1991, chini ya bendera ile yenye mstari mweusi. Mwaka 1996 katiba ilibadilishwa ili mgombea urais awe na wazazi wote wawili Wazambia. Wazazi wa Kaunda walitoka Nyasaland, Malawi ya leo. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ilitamka kwamba yeye si raia. Baba wa Taifa akawa hana taifa, ingawa baadaye uraia wake ulitambuliwa tena.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba Rais Frederick Chiluba, ambaye serikali yake ndiyo iliyoleta sharti hilo, naye alishitakiwa kwa hoja ya aina hiyo hiyo. Wapinzani walidai asili yake ni Kongo, ng'ambo ya mto huu huu wa Luapula. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ilitupilia mbali madai hayo. Basi tazama, marais wawili, wote weusi, na hakuna aliyeulizwa rangi yake. Waliulizwa baba zao walitoka upande gani. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji, lakini mbele ya sheria maji ya Luapula yameonekana kuwa mazito kuliko damu.

Ikiwa ndivyo kwa wakubwa, je, mama aliyekimbia vita na watoto wake? Waliokimbia Katanga ya Juu na Tanganyika walipokewa Kenani mwaka 2017, kisha mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa huko Nchelenge. Desemba 2021 safari za kurejea Pweto kwa hiari zikaanza. Katika miaka hiyo watoto walizaliwa, wakajifunza Kibemba. Nchelenge waliitwa Wakongomani. Wakirudi Pweto, lafudhi yao huwafanya waitwe Wazambia. Weusi wao hauwatetei pande zote mbili.

Hapa sheria zinatofautiana, na ni vizuri kila mrejeaji ajue. Zambia, tangu katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, inaruhusu uraia wa nchi mbili. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu na haushikwi pamoja na mwingine. Kwa mtoto mwenye mguu huku na mguu kule, cheti cha kuzaliwa na karatasi ya urejeaji ni mali kuliko gunia la samaki. Vitunzwe.

Pamoja na hayo, makala haya hayasemi kwamba weusi ni neno tupu. Jina tulilopewa kwa dharau ndilo lililowaunganisha waliogoma kununua kwenye kidirisha. Kosa letu ni kuliacha lifanye kazi moja tu siku hizi, yaani kazi ya lawama. Boti ikichelewa, tunasema ndiyo mambo ya watu weusi. Mtumishi akidai rushwa, tunasema ngozi nyeusi ndivyo ilivyo. Wenzetu Wabemba husema abafita, kwa sauti ile ile ya kukata tamaa. Maneno haya humwachia mla rushwa mwanya wa kupita, kwa kuwa kosa lake mwenyewe linageuzwa kuwa kosa la rangi yetu sote.

Mwenye kosa aitwe kwa cheo chake, si kwa ngozi yake. Na yule anayesimama mbele ya meza ya uhamiaji akiwa na mtoto mgongoni apimwe kwa sheria na kwa utu, kwa sababu mstari mweusi wa bendera haukuandikwa jina la kabila wala la ng'ambo. Uliandikwa watu.