Mpeleke mwanao kilimani, pango muachie popo

Inapofika Juni mvua za Bukoba huwa zimepungua na watoto wamefunga shule. Wapo akina baba wachache ambao wakati huo humchukua mtoto, turubai, mkeka na sufuria, wakapanda vilima vya juu ya ziwa, upande wa Bukoba au Muleba, wakalala rweya usiku mmoja na kurudi kesho yake. Mimi nawaunga mkono. Mtoto anayepanda kilima na baba yake hupata mazoezi ya mwili na hupata pia masikio ya baba, ambayo nyumbani huwa yako kwenye simu.

Lakini wazazi wengi husema hapana. Tangu ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa wilayani Bukoba tarehe 21 Machi 2023, jibu lao limekuwa moja: kule kuna popo. Kuogopa ni haki yao. Katika mlipuko ule waliugua watu 9, pamoja na mmoja ambaye hakuthibitishwa maabara, na 6 wakafariki, kabla haujatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Mwaka 2025 ugonjwa ukarudi mkoani kwetu, safari hii Biharamulo. Waliohesabiwa ni 10 na wote walifariki. Chanjo wala dawa iliyoidhinishwa haipo. Hata hivyo nasema wazazi hawa wanaogopa mahali pasipo penyewe. Kilima hakina kosa. Pa kuogopa ni pangoni.

Tazama yaliyotokea kwa majirani. Mwaka 1987 mvulana wa Kidenmark mwenye miaka 15 aliingia pango la Kitum katika Mlima Elgon, Kenya. Siku tisa baadaye alishikwa na homa, na hakupona. Ilikuwa Marburg. Mwaka 1980 Mfaransa aliyefanya kazi magharibi ya Kenya, naye aliyekuwa amelizuru pango hilo hilo, alikufa kwa ugonjwa huo Nairobi, na daktari aliyemhudumia akaambukizwa, akanusurika. Mwaka 2008 mwanamke wa Kiholanzi alifariki baada ya kuingia pango la chatu katika msitu wa Maramagambo, Uganda. Hawa walikuwa watalii na watembezi. Waliingia kutazama tu.

Sababu ni popo wala matunda wanaolala mapangoni kwa maelfu. Huko Uganda wataalamu waliwapima popo hao na kukuta kirusi cha Marburg miilini mwao. Hutoka kwa mate, mkojo na kinyesi, na ndani ya pango vyote hivyo viko juu ya kichwa chako na chini ya mkono unaposhika mwamba. Kwa hiyo mvua ikiwakuta, lowaneni. Msijikinge pangoni hata kwa dakika tano. Na pera au embe lililotafunwa upande mmoja mtoto asiliokote, hata akikuapia kwamba ni ndege.

Pango nimelisema sana kwa sababu ndilo linalozungumzwa. Kinachonitia hofu zaidi ni jiko la mkaa. Usiku wa vilima vyetu ni baridi, na baba mwenye huruma huliingiza jiko ndani ya hema ili mtoto apate joto, kisha anafunga mlango. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtoto haamki kukohoa, analala moja kwa moja. Mtume (s.a.w.) alikwisha tukataza kuacha moto ukiwaka tunapolala. Jiko libaki nje, mtoto avae sweta mbili.

Chandarua kibebwe, tena chenye dawa. Wilaya ya Muleba ndiko ulikofanyika utafiti wa vyandarua vilivyoongezwa dawa ya PBO, uliochapishwa mwaka 2018, na watoto waliovitumia walipatikana na malaria pungufu kuliko waliotumia vile vya kawaida. Kilima hakimzuii mbu.

Maji ya kunywa yachemshwe. Mkiteremka ziwani, mtoto asichezee maji ya ukingoni penye majani na konokono, maana ndiko kwenye kichocho. Choo kichimbwe mbali na chemchemi, njia na kivuli, kama tulivyofundishwa madrasa. Na kwa kuwa sufuria na kuni mnavyo, baridi ya alfajiri isiwe kisingizio cha kutayamamu, pasha maji.

Mkisharudi, weka tarehe kichwani. Marburg huweza kujitokeza kuanzia siku ya 2 hadi ya 21. Sisi tunaokaa zahanati tunapoletewa mtoto mwenye homa kali ya ghafla, maumivu ya kichwa na kutapika, tunawaza malaria kwanza na tunapima. Tusichoweza kukiona kwenye kipimo hicho ni mahali mlipolala. Basi tamka mwenyewe, kabla hujaulizwa: tulikuwa kilima fulani, siku fulani. Na umuulize mtoto kwa upole, mkiwa wawili, kama aliingia pangoni ulipokuwa ukiswali au ukitafuta kuni. Akikubali, usimchape. Mlete, usiwape ndugu kumbeba kwa zamu, na tuambie ungali mlangoni ili tuvae glavu na barakoa kabla ya kumgusa.