Tatuaji ya dola 5: uliza sindano ni ya nani

Juma lililopita, kijana mmoja wa kambi ya Kigonze hapa Bunia alinisimamisha njiani. Mkononi alikuwa na dola 5. "Yaya wa redio," akaniuliza, "hii inatosha kuandika jina la mama kwenye mkono?" Mama yake aliuawa Djugu. Walikimbia usiku, hakuna aliyebeba hata picha yake moja.

Kwa hiyo wale wanaosema tatuaji ni uhuni, leo wanisamehe. Bibi zetu walichanjwa chale usoni na tumboni, hatukuwaita wahuni. Shida yangu ni hizo dola 5.

Nilienda kwa mchoraji aliyempa bei hiyo. Anafanya kazi nyuma ya kinyozi, na mashine yake aliiunda mwenyewe kwa mota ya redio ya zamani. Hakunificha kitu. Sindano moja inapita kwa watu wanne, watano, mpaka ichoke. "Naipangusa na pombe," akasema. Wino uko katika kifuniko kimoja cha chupa, na kila mteja anachovewa humo humo. Nikamuuliza kwa nini hanunui sindano mpya. "Nikisema dola 15, mteja anavuka barabara kwa mwenzangu." Nilimuelewa, naye ana watoto wa kulisha. Lakini ndugu msikilizaji, bei hiyo haikupunguzwa kwenye jasho lake. Ilipunguzwa kwenye sindano yako.

Kupangusa na pombe hakutoshi. Virusi vya hepatiti B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7, hata katika damu kidogo ambayo jicho halioni. Hepatiti C haina chanjo. Ukimwi mnaujua. Na hata sindano ikiwa mpya, wino wa kifuniko kimoja unabeba damu ya waliotangulia. Hili wengi hawalijui, ndiyo maana nalirudia: pakiti ya sindano ifunguliwe ukiona, wino wako umiminwe mbele yako, na unaobaki umwagwe.

Tuliketi na yule mdogo wangu, tukaandika hesabu kwenye karatasi. Mchoro. Sindano iliyofungwa na glavu. Sabuni na mafuta safi ya kupaka. Maji safi ya kuoshea kila siku, na kambini maji ni foleni na ndoo. Kisha tukafika kwenye kitu ambacho hakukifikiria kabisa: yeye anabeba makala sokoni. Kidonda kibichi hakiwezi kukaa chini ya gunia, jua na vumbi la Bunia. Siku nne bila kubeba ni siku nne bila bugali, na ngozi ya juu inataka majuma mawili au zaidi ili ipone. Mkono ukivimba na kutoa usaha, ongeza fishi ya kituo cha afya na dawa. Bila hata kuhesabu ugonjwa, tulipita dola 20.

Akanyamaza. Akaniuliza kama anaweza kuuza mafuta ya kupikia waliyogawiwa. Nilimwambia hapana, wadogo zake watatu wanakula hayo mafuta.

Nilimshauri afupishe. Mchoro unalipiwa kwa ukubwa na kwa muda. Alitaka jina lote pamoja na msalaba na ua, lakini jina ambalo watoto walimwitia mama yao lina herufi nne tu. Liandikwe kwanza kwenye karatasi, mchoraji alisome. Nimeshaona mkono ulioandikwa "Furah". Herufi ya mwisho inasubiri pesa mpaka leo. Na kufuta si njia: kunataka mashine ya leza, tena mara nyingi, kwa bei inayozidi ile ya kuchora.

Jana jioni alinitumia ujumbe. Amekubali herufi nne, mchoraji amekubali sindano mpya kwa dola 9. Anazo 6.