Kapkoros: Kilima na Majirani Zake

Msafiri apitaye katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet huona mashamba yaliyochumwa sawasawa kama mkeka, na hapa na pale kilima kidogo chenye miti mirefu. Baadhi ya vilima hivyo Wakipsigis waliviita kapkoros, yaani mahali pa sadaka na sala. Jina hilo lingali likitumika Bomet, ambako hata kiwanda kimoja cha chai huitwa Kapkoros.

Zamani watu wa vijiji vya jirani walikwea kilimani, wakawasha moto wa sadaka na kumwomba Asis awajalie mvua na mavuno. Mahali pa sala hapakukatwa ovyo. Heshima ilifanya kazi ya askari wa msitu, na miti ikasalimika pasipo ua wala faini.

Faida yake ilionekana bondeni. Mvua ikinyesha juu ya miti, maji hayaporomoki kwa kasi na kuchukua udongo. Huzama polepole, kisha hutokea chini ya kilima kama chemchemi.

Dini mpya zilipoenea, sala za kilimani zilipungua. Baada ya KTDA kuundwa mwaka 1964, chai ya wakulima wadogo iliongezeka sana, na viwanda vikahitaji kuni za kukaushia majani. Mkaratusi ukapendwa kwa kuwa hukua upesi na kuleta fedha. Lakini mti huo hunywa maji mengi. Ndiyo sababu mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza ung'olewe penye vyanzo vya maji.

Msitu mkubwa una sheria na walinzi; hata hivyo mwaka 2001 serikali ilitangaza kuondoa zaidi ya hekta 20,000 katika hifadhi ya Mau Kusini-Magharibi. Kilima kidogo kina majirani zake tu. Wasipokilinda wao, hakuna mwingine.

Yafaa basi wazee na vijana wa kila kijiji wapatane: mikaratusi ipandwe mbali na chemchemi, na kileleni ibaki miti ya asili, kama mtarakwa na mzeituni-mwitu. Mwenye shamba atapata kuni zake, na jirani yake wa bondeni hatakosa maji ya kunywa. Akiba haiozi, na maji ya kilimani ni akiba ya kila nyumba.