Kibebe wa mwisho wa msimu: mgeni analipa, mwenyeji anapata nini?

Mvua za kwanza zinapoanza kunyesha huku nyanda za juu, upande wa pili wa milima yetu kuna biashara inayofunga msimu. Ni uvuvi wa kitalii katika mito ya Mnyera na Ruhudji, Bonde la Kilombero. Wageni kutoka nje hukodi boti na mwongozaji, hulipa fedha za kigeni, huvua samaki aitwaye kibebe, hupiga naye picha, kisha humrudisha majini akiwa hai.

Msikilizaji wa Igawa anaweza kuuliza, hilo linatuhusu nini? Linatuhusu kwa mambo mawili: maji, na nani anafaidika nayo.

Kwa nini msimu unaisha sasa

Kibebe ni samaki mwindaji, mwenye mistari myeusi ubavuni na meno yanayoonekana hata akifunga mdomo. Bonde la Rufiji lina aina mbili. Mojawapo wataalamu waliieleza rasmi mwaka 1986, na jina lake la kisayansi limebeba jina la Tanzania.

Samaki huyu huwinda kwa macho. Ndiyo maana wageni huja kiangazi, kuanzia Agosti hadi Novemba hivi, maji yakiwa yamepungua na kutulia. Mvua zikikolea, mto unajaa tope na barabara hazipitiki. Ruhudji unaanzia Njombe, kwa hiyo mvua moja kubwa kule juu yatosha kumharibia siku mgeni aliye chini bondeni.

Na kwa nini wanamrudisha? Kibebe mkubwa ni mzazi, na amechukua miaka kufikia ukubwa huo. Akiuawa leo, mgeni wa wiki ijayo atavua nini? Akiachwa, anaweza kuingiza fedha tena na tena bila kufika sokoni.

Mwenye mtumbwi anasemaje

Kwa mvuvi wa kijijini, samaki ni mboga na ada ya mtoto. Mwaka 2023 sehemu kubwa ya Bonde la Kilombero ilipandishwa hadhi kutoka Pori Tengefu kuwa Pori la Akiba, na masharti ya kuingia humo yakawa makali zaidi kwa wakulima, wafugaji na wavuvi. Hapo swali linakuja lenyewe: mgeni anavua kwa kujifurahisha anapokelewa vizuri, mimi nikivua nile naitwa jangili?

Upande wa uhifadhi nao una hoja. Nyavu za macho madogo na sumu humaliza samaki, na wakiisha, mwenyeji na mgeni wote wanakosa. Lakini katazo lisiloambatana na mapato yanayoonekana, kama zahanati, madawati au ajira, huzaa uvuvi wa usiku.

Wenzetu wa Alaska, Marekani, wana mvutano unaofanana na huo. Kule boti za kukodi huwapeleka watalii baharini kuvua salmon na halibut, samaki bapa mkubwa, na msimu hufifia Septemba. Tangu 2014 upo mpango unaogawa halibut kati ya boti za watalii na wavuvi wa biashara, na viwango hupangwa upya kila mwaka. Kugombana bado wanagombana, ila kila upande unajua fungu lake. Kwetu, hesabu ya namna hiyo mwanakijiji wa kawaida haioni.

Turudi Igawa

Mto Mbarali unaopita hapa kwetu unapeleka maji Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993, Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika karibu kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Sababu zinajadiliwa, lakini inayotajwa sana ni maji yanayochepushwa kwenda mashambani Usangu miezi ya ukame.

Kiangazi, ambacho Kilombero ni msimu wa fedha, kwa Ruaha Mkuu ni wakati wa madimbwi. Mto uliokatika hauna kibebe wala perege, hauna mgeni wala mvuvi mwenyeji. Kwa hiyo kabla ya kubishana nani avue, lazima mto uwepo.

Mpunga wa Mbarali unalisha nchi, na hatusemi uachwe. Tunasema banio lifungwe mpunga ukishavunwa, maji yaendelee na safari. Kibali cha maji kinatolewa na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, na jumuiya za watumia maji zina nafasi ya kusimamia zamu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Mkutano wa kijiji ujao, uliza maswali mawili. Kwanza, mabanio yetu yanafungwa lini, na nani anakagua? Pili, kama utalii unaingiza fedha katika ardhi inayopakana nasi, taarifa ya mapato iko wapi? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, ili kiangazi kijacho tusianze kuuliza upya.