Ordinateri haitahesabu gunia zetu



Kila mara ninapofika kwenye koperative kwa kupanga kazi ya mwaka, mkutano ukikaribia kuisha kuko mtu anasimama na kuuliza: "Agronomi, ile ordinateri itakuja lini?" Watu wanacheka, lakini swali ni la kweli. Maombi mengi yanayopita mikononi mwangu yanataja ordinateri na programu ya stoki mbele ya kutaja mizani.

Nitatoa wazo langu, na ni langu mimi, si la shirika. Koperative isiyoweza kusema leo asubuhi iko na kilo ngapi za soya ndani ya depo, isipewe ordinateri. Ipewe kwanza mizani nzuri, fishi za stoki, na kufuli moja yenye mtu mmoja anayejibu juu yake.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa ninafuata koperative moja katika milima ya Kivu ya Kusini, inayosaga unga wa masoso: mahindi, soya, sorgo. Sitataja jina lake, kwa sababu ni watu wazuri na yaliyowapata yanaweza kutupata wote. Walikuwa na ordinateri, waliipata kupitia mradi mmoja, pamoja na programu ya kufuata stoki. Kijana mmoja mwenye D6 alifundishwa siku tatu, basi. Ikaja komande kubwa: tani mbili za unga, ndani ya sashe za kilo moja. Kijana akafungua programu. Soya: gunia 11 za kilo 100. Sashe: 2.500. Komite ikafurahi, jeran akasaini, avansi ikapokelewa.

Siku ya kuanza kukaanga wakafungua depo na kuhesabu. Gunia za soya zilikuwa 5, na moja ilikwisha kupata ukungu. Sashe zilikuwepo kweli, lakini nyingi zilikuwa za nusu kilo. Ndani ya programu kulikuwa mstari mmoja tu ulioandikwa "sashe".

Tulikaa jioni nzima kutafuta zile gunia sita. Tatu zilikopwa na wakubwa wa komite wakati wa kupanda, "tutarudisha kwenye mavuno". Moja ilienda kwenye kilio cha mwanamemba, na hakuna mtu angeweza kukataa. Moja iliuzwa ili kulipa gari iliyoleta mazuti. Na ya sita, tulipofika mwisho wa hesabu, tuliona kwamba haikuwahi kuwepo: soya ilipokelewa kwa Guigoz, mmoja akijaza kilima, mwingine akikata sawasawa, na kwenye daftari ikaandikwa paka "gunia". Wizi haukuwepo hata mmoja. Kila kitu kilitoka mchana, watu wakiona. Hakuna aliyeandika.

Soya ya kujaziliza ilinunuliwa mwezi wa tatu, wakati kila mtu amefunga yake kwa mbegu, na bei mnaijua wakati huo. Unga ulifika kwa mnunuzi siku 12 nyuma ya tarehe. Komande iliyofuata alipeleka kwa wengine. Lakini walioumia zaidi ni wale wamama walioacha soya yao kwenye koperative bila kulipwa, wakingoja feza za unga, na watoto wakafukuzwa masomo juu ya minervali. Mama mmoja aliniambia: "Mulituambia mashini inajua yote." Sikuwa na jibu.

Tuone sasa hizo programu zinafanya nini, kwa sababu si uchawi. Katika miaka ya 1960, Marekani, fundi mmoja aliyeitwa Joseph Orlicky, mzaliwa wa Tchécoslovaquie aliyefanya kazi IBM, alikuwa kati ya watu waliotengeneza njia ya kupanga vifaa vya kiwanda kwa ordinateri. Mwaka 1975 aliandika kitabu juu yake. Wazo lake kubwa mama yeyote anayepika sherehe analijua: kitu unachoweza kupiga hesabu, usikikisie. Unga utakaouzwa mwezi ujao unaweza kuukisia, kwa sababu hujui mnunuzi anawaza nini. Lakini ukishajua kilo za unga, hesabu za soya, sashe na etiketi zinatoka humo humo. Mbona basi tunanunua sashe "kidogo kwa akiba" na soya "tutaona"?

Hesabu yenyewe inahitaji mambo manne: mnunuzi anataka nini na lini, mchanganyo wa unga wetu, kilicho ndani ya depo, na muda wa kungoja kila kitu tangu kukiagiza mpaka kinafika. Tuirudilie ile komande ya tani mbili, tuipige kwa kalamu.

Tuseme kwa kilo 100 za unga uliokamilika, koperative inatumia kilo 50 za mahindi, 30 za soya na 28 za sorgo. Jumla ni 108, kwa sababu kilo 8 zinapotea wakati wa kuchagua, kukaanga na kusaga. (Ninyi pimeni yenu. Msichukue namba zangu; soya yenye majani na vijiwe inapoteza zaidi.) Kwa kilo 2.000 tunazidisha mara 20: mahindi 1.000, soya 600, sorgo 560. Sashe 2.000, ongeza 40 kwa zile zinazopasuka wakati wa kufunga.

Sasa depo. Mizani inasema soya ni kilo 900. Watu wanapiga makofi: 900 inapita 600. Ngojeni kwanza. Kuko komande nyingine ndogo ya wiki inayotangulia, ambayo itakula kilo 500. Zile 500 ziko depo lakini si zetu tena, zimekwisha ahidiwa. Zinabaki 400, tunakosa 200. Fasi hii njo koperative nyingi zinaanguka, hata zile zenye fishi nzuri: wanaona kilichomo, hawaoni kilichoahidiwa. Kwenye fishi weka safu moja zaidi, andika "imeahidiwa", itakuokoa kuliko mashini yoyote.

Sashe za kilo moja ziko 700, tunakosa 1.340. Lakini muuzaji hauzi chini ya paketi ya 1.000, basi tutanunua 2.000 na 660 zitabaki. Na ziandikwe, maana ni feza zimelala.

Kisha siku. Unga unatakiwa kwa mnunuzi tarehe 20 mwezi wa 3. Kufunga na kusafirisha ni siku tano, basi sashe ziwe mkononi tarehe 15. Kwa koperative ile, sashe zenye maandishi zilitoka Kampala na kuchukua wiki tatu. Rudi nyuma siku 21: tarehe 22 mwezi wa 2. Ukiagiza tarehe 1 ya mwezi wa tatu, umekwisha kuchelewa, hata kama bado unajiona na siku 19 mbele yako. Na kwetu barabara inaweza kufungwa na mvua ao na vita, hiyo hakuna ordinateri inayoijua. Kwa vitu vinavyotoka mbali, sashe, mukanda wa mashini, rulema, mimi ninaweka akiba bila aibu. Kwa soya hapana. Soya inunuliwe kwenye mavuno ya saizoni A na B, ikaushwe vizuri, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Mahindi yakiingia depo juu ya asilimia 13 ya maji, ile stoki inapungua hata kama hakuna anayeigusa: ukungu unaila, na sumu yake haitoki kwa kukaanga.

Hesabu hii yote imeingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Programu inaifanya kwa sekunde moja, kwa komande hamsini kwa mara moja. Ni kitu kizuri, sikatai. Lakini inaamini kila namba unayoipa. Watu walioeneza njia hii kwenye viwanda walikuwa na kipimo: ukienda depo na fishi mkononi, katika fishi 100, 95 ziwe sawa na unachokiona kwa macho. Chini ya hapo, programu inakupa makosa, tena yaliyoandikwa vizuri, yenye mistari na rangi, na mtu anaogopa kuyabishia. Daftari chafu unalishuku. Ekrani hauishuku. Kwangu hiyo njo hatari kubwa.

Najua wenzangu wengine hawakubali. Wanasema ordinateri yenyewe inaleta nidhamu, na vijana wetu hawatabaki kwenye koperative ya makaratasi. Kwenye kahawa ninawapa haki kwa sehemu: koperative yenye vituo vingi vya kuosha, yenye mamia ya wakulima wanaoleta matunda ya kahawa jioni moja, na kila mmoja anangoja hesabu yake, karatasi haiwezi kujumlisha kwa wakati. Pale programu inatakiwa. Lakini hata pale, kilo inaanzia kwenye mizani na kwenye mkono wa anayeandika. Na juu ya nidhamu, niulize tu: ile koperative ya masoso ilikuwa na ordinateri miezi minane. Nidhamu ilikuja?

Tatizo lenyewe tunalijua na hatupendi kulitaja. Ni nani anaweza kumukatalia prezida gunia moja? Magazinie wetu mara nyingi ni mama ao kijana aliyewekwa na komite, na komite ileile inakuja jioni kusema "fungua kidogo". Hakuna programu ya kumulinda huyu mtu. Ni mkutano mkuu unaomulinda, ukiandika kwenye kanuni za ndani kwamba hakuna kitu kinatoka depo bila boni ya kutoka, yenye saini mbili, hata kwa kilio, hata kwa prezida. Kusaidia kwenye kilio si vibaya, basi gunia itoke kwa boni na iandikwe "kilio". Tena anayenunua asiwe yule anayetunza depo, na anayetunza depo asishike kesha.

Sheria ya OHADA juu ya koperative, ambayo inatuhusu kwa sababu nchi yetu iko ndani ya OHADA tangu 2012, inataja chombo cha kuangalia kazi ya wale wanaoongoza. Wengi tunakijaza na wazee wa heshima, hatukipi kazi. Kazi yao hii hapa: kila siku ya posho, waingie depo bila kutangaza, wachague vitu vitano, wapime, walinganishe na fishi. Vitano tu, wiki ijayo vitano vingine. Kuhesabu vyote mara moja kwa mwaka kunachosha, na ukikuta kosa hakuna anayekumbuka lilitoka wapi. Ukilikuta kwa wiki moja, mtu bado anakumbuka.

Nilirudi kwenye koperative ile mwaka jana. Walikuwa na fishi za katoni, moja kwa kila kitu, zimetundikwa kwenye msumari juu ya rundo lake: sashe kilo moja fishi yake, sashe nusu kilo fishi yake. Magazinie mpya ni mama mmoja mwenye kusema kidogo. Nilikuwa pale wakati prezida alipokuja kuomba gunia ya sorgo kwa kulipa wafanyakazi wa shamba lake. Mama hakubisha. Alichukua kitabu cha boni, akakiweka juu ya meza, akaweka kalamu juu yake, akangoja. Prezida alinitazama mimi, akatazama kitabu, akasema atarudi kesho na jeran ili wasaini wawili. Kesho yake alirudi.

Katika kuhesabu kwa mwisho kabla niondoke, fishi 20 zilikaguliwa, 18 zilikuwa sawa. Mbili hazikuwa: mazuti, na soya tena, kilo 14. Ordinateri ingali imefunikwa na kitambaa ofisini. Wamekubaliana kuifungua kisha mavuno ya saizoni B, fishi zikifika 19 kwa 20 miezi mitatu mfululizo. Kijana wa D6 anahesabu siku, tena yeye njo anafuatana na wazee kila siku ya posho, akiwasomea fishi.